"Sukari ya maziwa ya mama" kwenye kopo la mtoto: ni mama yupi?

UmmRayyan (Unguja)

Assalaam alaykum. Nina suali, naomba nijibiwe na mwenye kujua.

Mwanangu wa kike ana wiki 10. Ananyonya, alhamdulillahi, na maziwa ninayo ya kutosha. Lakini baada ya wiki 3 narudi kazini, zamu ya saa 1 asubuhi mpaka saa 10 jioni, na sijui huko nitakamulia wapi. Wifi yangu wa Muscat alikuja kwa harusi akaniletea makopo 2 ya maziwa ya mtoto. Akaniambia haya si kama ya madukani kwetu, haya yametiwa kitu kinaitwa HMO, ndiyo yanayokaribia ziwa la mama, na kule bei yake imezidi.

Juzi baada ya laasiri bi mkubwa, mama wa mume wangu, alilichukua kopo moja akakaa nalo barazani. Bi mkubwa amesomesha chuo cha Kurani zaidi ya miaka 30, Kiarabu anakisoma. Akavaa miwani, akawa anasoma vilivyomo kimoja kimoja kwa sauti ya chini. Alipofika mstari mmoja akanyamaza, akaweka kidole juu ya maandishi, akaniita. Pameandikwa sukari za *halib al-umm*, maziwa ya mama. Akaniuliza, "Mama yupi?"

Sikuwa na jibu. Akasema: kama humu mna kitu cha maziwa ya mwanamke, basi yuko mwanamke anamnyonyesha mjukuu wangu, na hatumjui jina wala ukoo. Na kila mtoto wa Muscat anayekunywa kopo hilihili ni ndugu yake wa kunyonya, na ndugu wa kunyonya hawaoani. Nyinyi wa huku na wa kule mnaoana kila mwaka. Siku akija mposaji kutoka kule, tutasema nini?

Hakusema kwa ukali. Alisema taratibu, huku amemshika mtoto, na mimi niliona anaogopa kweli. Makopo yote mawili ameyapandisha juu ya kabati na mpaka leo hapana aliyeyagusa.

Nataka kujua ukweli. Hizi sukari zinatoka kwa mwanamke? Na kama hazitoki, kwa nini zinaitwa hivyo? Na je, zina faida ya kweli, kiasi cha kunifanya nisihangaike na kukamua?

Baba Twaha (Mombasa)

Wa alaykum salaam. Mimi nilitafuta habari za hiyo HMO wakati mke wangu yuko na mimba. Niliyoyapata ni kwamba inatengenezwa na bakteria, tena E. coli. Huyo si ndiye wa kinyesi, anayetuharisha maji yakichafuka? Tena wamembadilisha jeni. Mimi niliacha hapohapo. Mwenye elimu zaidi atueleze, lakini mwanangu simpi.

Binti Wete (Denmark)

Dada UmmRayyan, wa alaykum salaam. Kwanza mpe bi mkubwa salamu zangu, na mwambie suali lake nimelielewa tangu neno la kwanza. Mama yangu aliniuliza hilohilo kwa simu kutoka Wete, siku nilipomwambia nimepata kazi gani. Mimi nafanya kazi kwenye maabara ya kiwanda kinachotengeneza hizi sukari. Mwaka huu ni wa saba. Kazi yangu ni kupima: mzigo haujatoka mpaka sampuli yake ipite mikononi mwetu.

Hakuna mwanamke. Hakuna tone la maziwa ya binadamu linaloingia kiwandani, mwanzo wala mwisho. HMO ni kifupi cha jina la Kiingereza la "sukari ya maziwa ya mama", na jina hilo linataja umbo la sukari yenyewe, kwa sababu ilijulikana kwanza humo. Chumvi inayoanikwa juani kwetu Pemba na chumvi ya chemchemi za Uvinza zimetoka pahali tofauti, na zote ni chumvi ileile. Ndivyo ilivyo hapa. Mojawapo ya sukari hizi, inayoitwa 2'-FL, iliyotengenezwa kwenye tangi ina umbo lilelile, chembe kwa chembe, na ile iliyomo kwenye ziwa. Asili yake ni nyingine kabisa.

Inavyotengenezwa ni hivi. Liko tangi refu la chuma, mnatiwa maji, chumvichumvi, sukari ya kuwalisha bakteria, na laktosi, ile sukari ya kawaida ya maziwa, ambayo hutolewa kwenye maziwa ya ng'ombe. Bakteria wamepewa jeni za kuwawezesha kuchukua sukari ndogo inayoitwa fukosi na kuigandisha juu ya laktosi. Wakishafanya hivyo, sukari mpya inatoka ndani yao na kuingia kwenye maji ya tangi. Baada ya siku chache kazi husimamishwa, na maji yote hupitishwa kwenye chujio zenye matundu madogo kiasi kwamba bakteria hapenyi. Hapo bakteria wanabaki nyuma. Kinachopita husafishwa tena kuondoa chumvi, husafishwa kwa mkaa maalumu kuondoa rangi, kisha hukaushwa.

Kinachonifikia mezani ni unga mweupe, mwepesi. Ukiutia ulimini una utamu mdogo sana, chini kabisa ya sukari ya chai. Nauyeyusha, naupitisha kwenye mashine inayotenganisha sukari moja na nyingine, na mashine inachora mstari wenye vilima. Kila sukari ina kilima chake na dakika yake ya kutokea. Kilima kirefu ni 2'-FL. Pembeni yake kuna vilima vidogo: laktosi iliyobaki, fukosi, na sukari nyingine iliyoshika fukosi mbili. Vikizidi kimo kilichoruhusiwa, mzigo unarudi. Tunatafuta pia mabaki ya bakteria na jeni zao, na yakionekana mzigo hautoki.

Baba Twaha, hofu yako naiheshimu, lakini E. coli si mmoja. Wako wanaoua na wako wanaoishi tumboni mwako sasa hivi bila kukudhuru. Wanaotumika viwandani ni koo za maabara, kama ile inayoitwa K-12, ambayo imekuwa ikikuzwa maabarani tangu 1922 na haina silaha za wale wa kuharisha. Kama una mzee nyumbani anayechoma sindano za kisukari, jua kwamba insulini ya binadamu iliyoruhusiwa Marekani mwaka 1982 ilitengenezwa na E. coli kwa njia ya namna hii. Hatumwiti mgonjwa wa kisukari kuwa amechomwa kinyesi.

Hukumu ya dini si yangu, bi mkubwa amwendee sheikh anayemwamini. Mimi nimetoa ushahidi wa kiwandani ili sheikh awe na la kutegemea. Tulivyosomeshwa chuoni kwetu, kwa madhehebu ya Shafii udugu huu huthibiti kwa kunyonya mara 5 ndani ya miaka 2 ya mwanzo, na kinachonyonywa ni maziwa ya mwanamke. Humu hayamo. Jengine la kutazama ni alama ya halali kwenye kopo, kwa ajili ya mafuta na vitu vingine vilivyomo.

Sasa faida. Hapa naomba unisome kwa utulivu, maana ndipo wauzaji wanapopita mbio.

Maziwa yako yana laktosi kama gramu 70 kwa lita, hiyo ni nishati ya mtoto. Halafu yana hizi sukari nyingine, gramu 5 mpaka 15 kwa lita. Kwenye dang'a, yale maziwa mazito ya manjano ya siku za mwanzo, zinafika gramu 20 na zaidi. Ukiondoa maji, ni kitu cha tatu kwa wingi katika ziwa la mama, baada ya laktosi na mafuta. Na mtoto hawezi kuzisaga! Hana vimeng'enya vyake. Zinapita tumbo, zinapita utumbo mwembamba, zinafika utumbo mpana karibu zilivyo.

Mwili wa mama hautoi kitu kingi hivyo bure. Anayelishwa pale ni bakteria. Mwaka 1900 Henri Tissier huko Paris aliona kwamba choo cha watoto wanaonyonya kimejaa bakteria wa aina moja, ambao leo tunawaita bifidobakteria. Miaka ya 1950 Paul György na Richard Kuhn wakaonyesha kwamba kinachowakuza ni sukari hizi. Bifidobakteria wakishamiri wanatia uchachu kwenye utumbo, na wadudu wabaya hawastawi. Kazi ya pili ni ya kupotosha adui: wadudu wengi wanaoharisha hujishikiza kwenye utumbo kwa kukamata sukari zilizo juu ya seli. Sukari za maziwa zinafanana nazo. Mdudu anakamata inayoelea, anatoka nayo na choo.

Maziwa ya ng'ombe yana kidogo mno cha sukari za namna hii, na maziwa mengi ya kopo yanatokana na ng'ombe. Ndiyo maana viwanda vilihangaika miaka mingi. Ulaya iliruhusu mbili za kwanza, 2'-FL na LNnT, mwaka 2016, na mwaka huohuo kopo la kwanza lenye sukari hizi likaingia dukani Marekani. China iliruhusu mwaka 2023. Kwa hivyo wifi yako hakudanganywa, kitu kipo na ni kizuri.

Lakini tazama vipimo. Katika maziwa ya binadamu zimeshatambuliwa aina zaidi ya 150. Kopo lina 1, au 2, ya hali ya juu 5 au 6. Ruhusa ile ya kwanza ya Ulaya ilikuwa na kikomo cha gramu 1.2 za 2'-FL kwa lita ya maziwa yaliyokorogwa. Na ziwa lina kingamwili, lina seli hai, lina vimeng'enya, vyote hivyo hakuna tangi linalovitoa. Utafiti unaotajwa sana ni wa watoto 175 wa Italia na Ubelgiji, ulichapishwa 2017. Waliopewa kopo lenye sukari 2 walikua vizuri sawa na wenzao wa kopo la kawaida, na wazazi wao waliripoti mkamba mchache na dawa za antibiotiki chache. Ni habari njema. Ila lengo kuu la utafiti lilikuwa ukuaji, haya mengine yalitoka kwa maelezo ya wazazi, na mdhamini ni kampuni ya maziwa hayo. Tena walilinganishwa kopo kwa kopo. Kwa anayelazimika kutumia kopo, ni sababu ya kuchagua hili kama uwezo upo. Kwako wewe mwenye maziwa, si sababu ya kuacha kukamua.

Nikwambie langu. Mwanangu wa pili nilimzaa huku. Niliporudi kazini nilikuwa nakamua kwenye chumba kidogo karibu na stoo ya makoti ya maabara, mara 2 kwa siku. Siku moja nikaomba ruhusa kwa mkubwa wangu, nikachukua mililita chache za maziwa yangu nikazitayarisha nikazitia kwenye mashine. Nimezoea kuona kilima kimoja na vitoto vyake. Siku hiyo mstari ulipanda ukashuka ukapanda, karatasi ikajaa kutoka ukingo mpaka ukingo, vingine vimebebana sikuweza kuvihesabu. Nikatafuta dakika ya 2'-FL, sukari ninayoipima kila siku, ninayoijua kama uso wa mtu. Hapakuwa na kitu. Mstari ulikuwa bapa.

Kwa dakika nzima nilihisi kama mwanangu nimemnyima. Halafu nikakumbuka nilichosoma. Jeni inayoitwa FUT2 ndiyo inayotengeneza sukari hiyo, na karibu mama 1 kati ya 5 hana jeni hiyo inayofanya kazi. Maziwa yetu yana nyingine badala yake. Mwaka 2017 yalichapishwa matokeo ya kulinganisha maziwa ya akina mama wa nchi mbalimbali, Kenya na Ethiopia zikiwamo, na tofauti ni kubwa: sukari moja, 3-FL, ilikuwa zaidi ya mara 4 kwa akina mama wa Sweden kuliko wa vijijini Gambia. Hakuna ziwa moja la kufananisha na kopo. Mwanangu alinyonya miezi 26, bila ile sukari niliyoshinda nikiipima.

Mkunga wa Makorora (Tanga)

UmmRayyan mwanangu, hongera kwa kujifungua. Mimi ni mkunga mstaafu, sukari za maabara nawaachia wenye maabara. Nina jambo moja la kukuuliza na naomba unijibu kabla kopo halijashuka kabatini: limeandikwa namba gani mbele?

Maana namba 1 ni ya kuzaliwa hadi miezi 6. Namba 2 ni miezi 6 hadi mwaka. Namba 3 ni kuanzia mwaka 1. Ndugu wanaotoka safari hubeba kopo zuri kuliko yote na hawaangalii namba.

La pili ni hesabu. Mtoto wa kilo 5 anayelishwa kopo tupu hunywa kama mililita 750 kwa siku. Makopo mengi kijiko kimoja ni cha mililita 30 za maji, hivyo vijiko 25. Kijiko kina gramu 4 na kidogo. Hiyo ni zaidi ya gramu 100 kwa siku, na kopo la gramu 400 halifikishi siku 4. Jiulize wifi atatuma makopo mangapi.

Nakuambia hili kwa sababu nimeliona. Aliletwa kliniki mtoto wa miezi 4, kilo zake ni za mtoto wa miezi 2. Bibi alikuja na kopo lenyewe mkononi, kopo la ghali, lenye sukari hizi mnazozisema, limeandikwa vizuri kwa rangi ya dhahabu. Nikamwambia nikorogee nione. Akachukua chupa akajaza maji ya vijiko 4, akatia kijiko 1, tena akakipiga ukingoni kipungue. Kopo lilinunuliwa likae mwezi mzima. Mtoto alikuwa anakunywa maji meupe. Bibi yule alimpenda mjukuu wake kuliko roho yake, na alilia pale hadi nikalia naye. Tangu siku hiyo kila mama anayeniambia ameletewa kopo zuri, namuuliza kwanza la pili litatoka wapi.

Na maji. Unga wa kopo hauuwi vijidudu, na wenyewe haukutakaswa kabisa, unaweza kuwa na wadudu ndani hata kopo likiwa halijafunguliwa. Shirika la Afya Duniani linataka maji yaliyochemka yakorogwe yakiwa bado nyuzi 70 au zaidi, maana yake yasikae zaidi ya nusu saa tangu kuipua. Koroga, kisha tia chombo kwenye bakuli la maji baridi, jaribu tone kwenye kifundo cha mkono. Yasiyonyweka ndani ya saa 2 yamwagwe. Ukimpa kwa kikombe kidogo ni usafi zaidi kuliko chupa, mtoto wa wiki 10 anaweza, ulimi wake unaramba.

Kukamua: mnyonyeshe saa 12 alfajiri kabla ya kutoka, kamua saa 4 na saa 7, mnyonyeshe tena ukifika, na usiku ashibe. Maziwa uliyokamua hukaa saa 4 kwenye joto lisilozidi nyuzi 25, na Unguja joto hilo hulipati mchana, kwa hiyo beba chupa ya chai yenye mdomo mpana utie barafu. Kwenye friji yanakaa siku 4. Anza kuzoea leo, usingoje siku ya kuripoti kazini.

Mama Pacha (Nairobi)

Hodi hodi. Nimeguswa na hili swali la bi mkubwa kwa sababu kwangu lilikuwa la kweli kabisa. Pacha wangu walizaliwa wiki ya 31, na siku za kwanza sikuwa na maziwa hata ya kulowesha pamba. Kenya ilifungua benki ya maziwa ya mama 2019, katika hospitali ya uzazi ya Pumwani. Hayo ndiyo maziwa ya wanawake wenyewe: mama aliyepimwa anachangia, yanapashwa joto la nyuzi 62.5 kwa nusu saa, wanapewa watoto wadogo ambao mama zao hawajapata. Jirani yangu wa wodini, Mwislamu kutoka Garissa, alishauriana na watu wake kwa simu karibu usiku mzima kabla ya kuamua. Nilimheshimu sana. Kwa hivyo bi mkubwa ana haki ya kuuliza, ila swali lake ni la benki, si la kopo.

Binti Wete, hebu nijulishe: hiyo joto haiui hizo sukari?

Binti Wete (Denmark)

Mama Pacha, nimefurahi pacha wako wapo. Sukari hizi hazina shida na joto hilo, zinabaki karibu zilivyo. Kingamwili na vimeng'enya ndivyo vinavyopungua. Na kwa watoto njiti ndipo sukari hizi zina kazi kubwa kuliko pote, kwa sababu utumbo wao unaweza kuoza ghafla. Kuna moja, DSLNT, ambayo imeonekana kuwa chache katika maziwa waliyokunywa watoto waliopatwa na ugonjwa huo.

Mkunga, shikamoo, na ahsante kwa lile la namba. Sikulifikiria kabisa.

UmmRayyan (Unguja)

Nimerudi. Nimepanda kiti nikayashusha makopo, bi mkubwa akiwa amesimama nyuma yangu.

Moja ni namba 1. Jengine ni namba 3. Mkunga, shikamoo, Mungu akulipe. Nilikuwa niyatumie yote mawili, moja likiisha nifungue la pili.

Nimemsomea bi mkubwa maneno ya Binti Wete yote, polepole. Alinisimamisha pale pa mashine na mstari bapa, akataka nirudie. Akauliza, "Anayezitengeneza hana?" Nikamwambia hana. Akakaa kimya, akasema, "Na mwanawe mzima?" Nikamwambia kanyonya miezi 26. Ijumaa atamuuliza sheikh wake, lakini kopo la namba 1 amelirudisha mwenyewe jikoni.

Suali moja limebaki. Kwenye namba 3 hakuna maandishi ya maziwa ya mama. Kuna GOS na FOS, na mbele wameandika "kwa kinga ya utumbo". Hizi ni hizohizo?

Binti Wete (Denmark)

Shikamoo yangu kwa bi mkubwa.

Hapana, si hizohizo. GOS ni sukari inayotengenezwa kutokana na laktosi, FOS ni sukari inayotoka kwenye mimea, mara nyingi mzizi wa chikori. Hazimo katika ziwa la mama kwa umbo hilo, ila nazo zinawalisha bifidobakteria. GOS ilijaribiwa karibu nanyi, Kwale, kwa watoto waliokuwa wanatiliwa unga wa madini ya chuma kwenye uji. Madini yale peke yake yanawanenepesha wadudu wabaya wa utumboni. Walipochanganyiwa GOS, madhara hayo yalipungua. Matokeo yalichapishwa 2017. Kwa hiyo si takataka, lakini kopo hilo la namba 3 ni la mtoto anayekula chakula. Lifunge, mpe mwenye mtoto wa zaidi ya mwaka kabla tarehe haijapita.

Kazini umeshaulizia chumba?

UmmRayyan (Unguja)

Leo nimempigia msimamizi wangu. Kipo chumba cha kuwekea mafaili, kina mlango wa kufunga na feni, hakina kiti. Kiti nitabeba kutoka nyumbani. Bi mkubwa ameniazima chupa yake ya chai yenye mdomo mpana, ile ya kuwekea uji wa Ramadhani, na amesema barafu atagandisha yeye kila usiku.

Kesho asubuhi najaribu kukamua mara ya kwanza. Mkunga, nikianza na mkono bila mashine, mililita ngapi ni za kutarajia?

Mkunga wa Makorora (Tanga)

Siku ya kwanza hata 30 ni nyingi, usizitazame. Nawa mikono, kandamiza kwa kitambaa cha vuguvugu, kamua nyuma ya duara jeusi, si kwenye chuchu. Mweke mtoto ziwa moja na wewe ukamue la pili, maziwa yatashuka yenyewe. Nijulishe kesho.